Jina lako lina nguvu mpaka wapi?

Ukiitandaza kanga ya Kaderdina wa Mombasa, kwenye pindo lake utaona herufi tatu na maneno mafupi: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Kaderdina Hajee Essak, ambaye wateja walimzoea kwa jina la Abdulla, alikuwa na tatizo ambalo kila muuza kanga analijua. Kanga haina siri. Mji wake, pindo lake na rangi zake zote ziko wazi, na mwenye kiwanda akipata doti moja anaweza kuchapa makorija yanayofanana nayo. Mzee huyo akaona kwamba kitu ambacho mwenzake hawezi kukichukua kwa haki ni jina, akalichapa juu ya kitambaa chenyewe, si kwenye kibao cha duka wala kwenye karatasi ya kufungia. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, wapo wanunuzi wa pwani wanaotafuta herufi hizo kwanza, kisha ndiyo wanauliza bei.

Naanza na kanga hiyo kwa sababu wafanyabiashara wetu wadogo, wenye simu za kisasa, mashine za kufungashia na wateja mpaka Muscat na Minnesota, wengi wao wameachwa nyuma na mzee Abdulla katika jambo hili moja. Wana bidhaa nzuri. Wana jina linalotajwa. Lakini kisheria jina hilo si lao, na siku atakapotokea mtu mwenye haraka kuliko wao, watalazimika kulikomboa au kulitupa.

Pita kwenye mabanda ya wajasiriamali wakati wa Sabasaba, umuulize mama anayeuza achari au mafuta ya nazi kama jina lililo kwenye lebo yake limesajiliwa. Atakwambia limesajiliwa, na pengine atatoa kwenye bahasha cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara. Cheti ni halali, ila ni cheti cha jina la biashara. Kinaieleza serikali ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo na anapatikana wapi. Hakimpi mama huyo uwezo wa kumzuia mtu wa Mbagala asibandike jina lilelile kwenye chupa zake. Uwezo huo unatoka kwenye usajili wa alama ya biashara, ambao ni ombi jingine, daftari jingine na ada nyingine, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ingawa ofisi ni ileile ya BRELA na yote mawili huombwa kwa njia ya mtandao. Nembo ya TBS nayo inasema bidhaa imefikia viwango. Mistari ya bakodi inamsaidia mwenye supamaketi kuhesabu mali. TIN ni ya kodi, leseni ni ya kuruhusiwa kuuza. Vyote hivyo vinahitajika, vinagharimu fedha na usumbufu, na hakuna hata kimoja kinachosema jina ni la nani.

Naliona jambo hili kuwa ndilo pengo kubwa kuliko yote katika mafunzo tunayowapa wajasiriamali. Tunawafundisha kufungasha, kuweka hesabu na kuomba mkopo. Tunawaachia wagundue wenyewe, tena kwa maumivu, kwamba bahasha nzima ya vyeti vyao haina karatasi inayolinda kile wanachokijenga kila siku kwa jasho: imani ya mteja kwa jina fulani.

Utaratibu wenyewe si mgumu kama unavyodhaniwa. Mwombaji anawasilisha jina au nembo yake, BRELA inaangalia kama kuna nyingine inayofanana nayo, na kama jina lenyewe linaweza kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine. Likikubaliwa linatangazwa, na mwenye pingamizi anapewa siku 60. Asipotokea mtu, cheti kinatolewa. Tanzania Bara usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara, bila ukomo, mradi ada inalipwa na alama inatumika. Kenya, ambako kazi hiyo inafanywa na taasisi ya KIPI iliyoko Nairobi, ni miaka 10 tangu mwanzo.

Kinachowachanganya wengi ni madaraja. Dunia imekubaliana kuzigawa bidhaa na huduma katika madaraja 45. Sabuni na vipodozi viko daraja la 3, nguo na viatu daraja la 25, viungo, kahawa na chai daraja la 30, juisi na maji daraja la 32, mgahawa daraja la 43. Ukisajili jina lako kwa viungo vya pilau, umelilinda kwenye viungo na vitu vya jamaa moja navyo. Mtu wa fulana yuko nje ya uzio wako. Kwa mwenye mtaji mdogo maana yake ni kuchagua: anza na daraja la kile unachokiuza leo na kinachokulisha, kisha ongeza lile unaloelekea kwa uhakika. Kusajili madaraja matano kwa ndoto ni kupoteza fedha, maana alama isiyotumika Tanzania Bara kwa miaka mitatu mfululizo inaweza kuombewa ifutwe.

Na kabla ya yote hayo kuna uchaguzi wa jina, ambao kwa kawaida hufanywa jioni moja kwa kuulizana ndugu. Hapo ndipo wengi wanajifunga. Jina kama Asali Safi au Mchele Bora linamweleza mteja kilichomo, na kwa sababu hiyohiyo halilindiki, kwa kuwa kila muuza asali ana haki ya kusema asali yake ni safi. Majina ya mahali nayo ni mazito kuyamiliki peke yako: Kilimanjaro liko kwenye bia, liko kwenye maji ya kunywa ya kampuni nyingine kabisa, liko kwenye hoteli na mabasi. Jina lenye nguvu ni lile ambalo halielezi bidhaa. Linaweza kuwa jina la bibi yako, neno la kilugha lisilohusiana na bidhaa, au neno ulilolibuni mwenyewe. Mwanzoni litakuwa na kazi ya kujieleza kwa wateja, lakini likishika, hakuna anayeweza kudai alilitumia kwa bahati tu. Na kulitafuta kama limeshachukuliwa hakugharimu kitu. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lina hifadhi ya alama za nchi nyingi ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye simu bila malipo.

Tuseme sasa mama wa mafuta ya nazi amepata cheti chake cha alama ya biashara. Cheti hicho kina mpaka, na mpaka wa kwanza hauko Namanga wala Tunduma. Uko baharini, kati ya Dar es Salaam na Unguja. Miliki ubunifu si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Alama iliyosajiliwa BRELA haina nguvu Darajani, na iliyosajiliwa BPRA haina nguvu Kariakoo. Bidhaa inavuka kwa boti ya asubuhi, mteja ni yuleyule, sarafu ni ileile, lakini haki inabaki bandarini mpaka ulipe na uombe upya. Hoteli za Nungwi na Paje zinanunua sabuni za mwani, viungo na mafuta ya kupaka kwa wingi, na ndiko watalii wanakolibeba jina lako kwenda kwao. Kuacha Zanzibar bila usajili, kwa mtu anayeuza huko, ni kosa linaloumiza haraka kuliko kuiacha Ulaya.

Ukivuka kwenda nchi jirani unakuta njia mbili kubwa, na nchi zetu zimegawanyika kati yake. Njia moja ni ya ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu lenye makao makuu Harare. Kwa Itifaki yake ya Banjul ya mwaka 1993, mtu anaweza kuwasilisha ombi moja la alama na kutaja nchi wanachama anazozitaka. Tanzania imo, Uganda imo. Kenya haimo. Njia ya pili ni ya Mfumo wa Madrid, unaosimamiwa na WIPO na kuzifikia nchi zaidi ya 120 kwa ombi moja. Kenya imo tangu mwaka 1998, Rwanda tangu mwaka 2013. Tanzania kwa miaka yote hiyo imekaa nje.

Hata njia ya Banjul, kwa Tanzania, imekuwa na utata. Nchi ilijiunga mwaka 1999, lakini kwa muda mrefu Sheria ya Alama za Biashara haikurekebishwa ili iutambue usajili wa ARIPO, na mawakili wengi wa Dar es Salaam huwashauri wateja wao wasiutegemee peke yake. Wasajili BRELA moja kwa moja. Kwa hiyo kijana wa Arusha anayeshona viatu vya ngozi na kuviuza Nairobi hana njia ya mkato. Anahitaji wakala wa Kenya, aombe KIPI, alipe kwa shilingi za Kenya. Jirani yake wa ng'ambo ya Namanga, mwenye karakana ya ukubwa uleule, anaweza kukaa Nairobi akatuma ombi moja kuelekea Ulaya, China, Marekani na Oman. Msingi wa ada ya Madrid ni faranga 653 za Uswisi kwa alama isiyo na rangi, kisha unaongezewa ada ya kila nchi. Si fedha ndogo, lakini ni nafuu mno kuliko kukodi wakili katika kila mji mkuu. Mtanzania mwenye makazi au tawi la kweli Kenya au Rwanda anaweza kuitumia njia hiyo kupitia huko. Asiye nalo, mlango umefungwa.

Kuna jambo moja linalowasaidia wote, na linajulikana kidogo mno. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao Tanzania na Kenya zimo tangu miaka ya 1960, unampa aliyeomba alama nyumbani miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama na kuhesabiwa kana kwamba aliomba huko siku ileile ya kwanza. Maana yake ni kwamba tarehe ya ombi la BRELA ni mali. Ukienda na bidhaa kwenye maonyesho ya Dubai mwezi wa pili baada ya kuomba, mtu akaipenda na kukimbilia kulisajili jina lako kule, bado una nafasi ya kumtangulia kisheria. Miezi 6 ikipita, nafasi hiyo imekwenda.

Sasa nije China, kwa sababu huko ndiko wafanyabiashara wetu wadogo wanakojeruhiwa bila kutarajia. Mtu wa Kariakoo au wa Gikomba akisikia kusajili nje, anafikiria nchi anakouza. Anasahau nchi anakotengenezesha. Amekwenda Yiwu au Guangzhou na jina lake, amepata kiwanda cha kumtengenezea chupa za chai, ndala au taa za sola, na kila mzigo unakuja na jina lake limechapwa vizuri kwenye boksi. Huko China, kanuni ya msingi ni kwamba alama ni ya aliyewahi kuiomba. Wapo watu ambao kazi yao ni kutazama majina yanayopita viwandani na kuyasajili. Inaweza kuwa wakala wa mizigo, inaweza kuwa mfanyakazi wa kiwanda, inaweza kuwa mshindani wako wa duka la pili aliyekufuata kwenye ndege.

Na forodha ya China haikagui mizigo inayoingia tu. Inakagua pia inayotoka. Mwenye alama iliyosajiliwa China anaweza kuiandikisha forodhani, na kontena lenye jina hilo likaweza kuzuiwa bandarini kabla halijapakiwa. Mwenye jina halisi, aliyelijenga kwa miaka mtaa wa Kongo, anakuwa ndiye mwenye mali bandia. China ilirekebisha sheria yake mwaka 2019 ili kuwakataa wanaoomba alama kwa nia mbaya bila kusudi la kuzitumia, na hilo limesaidia. Lakini kesi ya kudai jina lako Beijing, kwa mtu mwenye kontena moja lililokopewa, ni ndoto. Kuomba mapema kunagharimu sehemu ndogo ya mzigo mmoja. Na kama mfuko hauruhusu hata hilo, basi walau mkataba na kiwanda uandikwe kwa Kichina na Kiingereza, useme wazi kwamba jina, mchoro na moldi ni mali ya mnunuzi, na kwamba kiwanda hakitaviombea usajili wala kumuuzia mwingine. Mazungumzo ya WeChat yasifutwe. Picha za mizigo, risiti na hati za usafirishaji zihifadhiwe kwa tarehe, maana siku ya ugomvi ndizo zitakazosema nani alianza.

Hofu ya kuibiwa na wageni, hata hivyo, imetufanya wakati mwingine tulie pasipostahili na tunyamaze pale panapostahili kelele. Mwaka 2018 watu kwa maelfu walitia saini mtandaoni kuilaani Disney kwa kumiliki maneno Hakuna Matata. Ukweli ni kwamba Disney iliomba alama hiyo Marekani mwaka 1994, mwaka wa filamu yao ya simba, ikasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Haikumzuia mtu yeyote kusema maneno hayo, kuyaimba kama Them Mushrooms walivyoyaimba kwenye Jambo Bwana mwaka 1982, wala kuyachapa kwenye fulana Malindi. Ilimzuia mtu kuuza fulana zenye maneno hayo ndani ya Marekani. Ni jambo la kuudhi, na naielewa hasira ya watu, lakini kwa mwenye duka la Mombasa madhara yake ni madogo kuliko ya jina lake mwenyewe kukosa cheti.

Suala la kikoi lilikuwa zito zaidi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno KIKOY nchini mwao. Hapa si maneno ya mapambo tu. Ni jina la bidhaa yenyewe. Kama ombi lingepita, mfumaji au msafirishaji wa Kenya angepeleka vikoi Uingereza asiweze kuviita kwa jina lake. Shirika la biashara ya haki la Traidcraft na mawakili wa London waliojitolea bila malipo walisimama na Wakenya, pingamizi likawekwa, na hatimaye ombi likaachwa. Ushindi ulipatikana kwa sababu mtu alikuwa anaangalia matangazo ya alama, akaona, akapiga kelele ndani ya muda wa pingamizi. Muda huo ukiisha, kazi inakuwa ngumu mara kumi.

Waethiopia walikwenda mbali zaidi. Badala ya kusubiri kupinga, mwaka 2005 serikali yao iliomba yenyewe kusajili Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama za biashara Marekani. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kilipinga, Starbucks ikavutana nao hadharani, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano: Starbucks ikayatambua majina hayo na kuyatumia kwa leseni isiyo na mrabaha. Waethiopia hawakutaka fedha ya leseni. Walitaka majina ya vilima vyao yajulikane na kuheshimiwa sokoni, ili anayelima awe na kauli katika bei. Natazama kahawa yetu ya Mbinga na ya Kilimanjaro, karafuu ya Pemba, mchele wa Kyela, na naona mali ambayo jina lake linauza kuliko wenye nayo wanavyojua.

Si kila kitu cha kulindwa ni jina. Mwenye kubuni kifaa kipya anaelekea kwenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi, na hapo tahadhari ni nyingine kabisa: kifaa kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kwa kawaida hakihesabiki tena kuwa kipya. Mbunifu wa mashine ya kukoboa anayekimbilia Nanenane kuipigia debe, kisha anaenda kuombea hataza, anaweza kukuta ameiua haki yake mwenyewe kwenye banda. Omba kwanza, onyesha baadaye.

Kenya kuna kisa cha kampuni ya usafi ya Nairobi, Sanitam, iliyopata hataza ya ARIPO kwa pipa la taka la kukanyaga kwa mguu. Ilipigana mahakamani kwa miaka mingi na makampuni iliyodai yameiga pipa hilo, wakiwemo Rentokil, wenye mizizi yao Uingereza. Katika moja ya mivutano hiyo hoja iliyosumbua haikuwa pipa tena. Ilikuwa ada ya mwaka ya kudumisha hataza: ilichelewa, hataza ikatolewa kwenye daftari, kisha ikarejeshwa, na wapinzani wakauliza hali yake ilikuwa ipi katikati. Mfanyabiashara mdogo anayepata hataza anapaswa kuiandika tarehe ya ada hiyo mahali anapoiona kila siku, kama anavyoiandika ya kodi ya pango.

Kwa kanuni za mapishi na michanganyiko, njia bora mara nyingi ni kutosajili chochote. Hataza inadai uanike kila kitu hadharani, na inakwisha baada ya miaka 20. Mchanganyiko wa masala unaweza kukaa vizazi vitatu ukiwa siri ya familia, kwa sharti kwamba unatunzwa kama siri: wafanyakazi wametia saini, anayesaga si yuleyule anayepima, na karatasi ya vipimo haibandikwi ukutani. Siri ikishatoka haina mahakama ya kuirudisha.

Hakimiliki nayo inazaliwa yenyewe pale kazi inapochorwa au kuandikwa, bila kuomba; COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya zinaisajili ili uwe na ushahidi. Lakini ina mipaka inayouma. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, na alipouawa mwaka 1972 aliacha namna ya kuchora ambayo leo inauzwa kutoka Oysterbay mpaka viwanja vya ndege vya nchi jirani. Hakimiliki inailinda picha fulani ya mchoraji fulani isinakiliwe. Haiulindi mtindo. Yeyote anaweza kuchora chui mwenye madoa ya duara na kuiita picha yake Tingatinga, isipokuwa pale jina hilo limesajiliwa kama alama na wenye chama chao. Kwa wachoraji wanaoishi kwa mtindo, jina la pamoja ndilo ngome waliyobakiwa nayo. Na wewe uliyemlipa kijana akuchoree lebo, andikianeni hata karatasi moja kwamba mchoro huo sasa ni wako, kabla hajawa maarufu na kabla hamjakosana.

Ukishakuwa na cheti, nani atakusaidia? Tanzania Bara, Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Kenya ina mamlaka maalumu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa feki. Wanapokea malalamiko, wanakagua maghala, wanateketeza mali. Swali la kwanza watakalokuuliza ni cheti cha alama ya biashara. Mitandao ya kuuzia nayo ni hivyohivyo: Amazon haikuingizi kwenye mpango wake wa kulinda chapa bila alama iliyosajiliwa au kuombwa, na Instagram hushughulikia haraka malalamiko yenye namba ya usajili kuliko yenye machozi. Kwa soko la Ulaya, ombi moja katika ofisi ya Alicante linazifikia nchi 27 kwa euro 850 za daraja la kwanza. Kama oda zako za Ujerumani na Uholanzi zimeanza kurudi kila msimu, hesabu hiyo ifanywe. Kama bado ni mtu mmoja aliyebeba sanduku, subiri.

Wengi hawatamudu peke yao, na hawana haja ya kuwa peke yao. Wasusi wa vikapu wa Taita Taveta, Kenya, walishika njia ya alama ya pamoja kwa msaada wa KIPI na WIPO: kikundi kinamiliki jina, kinaweka masharti ya ubora, na kila mwanachama anayeyatimiza analitumia. Gharama inagawanywa, na anayelichezea jina anakutana na umoja mzima. Wanawake wa mwani wa Paje na Bweleo, wafugaji nyuki wa Tabora, washonaji wa shanga wa Monduli, wote wana umbo la kazi linalofaa njia hiyo.

Lakini upande wa serikali una deni ambalo halilipwi na mjasiriamali. Tanzania inapaswa kuingia Madrid, na sheria ya alama ya mwaka 1986 iitambue ARIPO kwa maneno yasiyo na shaka. BRELA na BPRA wanaweza, bila kugusa Katiba, kuwa na fomu moja ya mtandaoni inayopokea ombi la pande zote mbili, kila ofisi ikibaki na daftari lake na ada yake. Maofisa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na wa halmashauri wanaompokea mjasiriamali siku ya kwanza wamwambie siku hiyohiyo kwamba cheti cha jina la biashara si cheti cha alama. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya miliki ubunifu ya eneo huru la biashara la Afrika Februari 2023, na biashara ya kuvuka mipaka itaongezeka tupende tusipende. Mizigo ya wadogo wetu imeshaanza kupita Namanga, Rusumo na Kasumbalesa. Majina yao yanapita bila karatasi.